Picha ya Siku ya Bibi Vida

Dryanovo, 11 Juni 2000

Mpendwa Snezhana,

Sasa hivi tu Bilyana amechukua kibiriti changu cha jikoni, akamwaga njiti zote sakafuni, akaweka kasha tupu kwenye jicho na kumwelekea paka. "Bibi, tulia hivyo hivyo. Usicheke. Tik!" Paka akaamka, akaenda zake. Mtoto kanigeukia amekunja uso: "Mama, huyu bibi amekataa." Nimecheka mpaka nikaketi chini kuokota njiti. Ni wewe mtupu. Hata jicho moja analifumba kama wewe.

Tangu uondoke nyumba imepoa. Mume wangu Kamen yuko barabarani na lori lake, na mimi nikitoka kiwandani nakuta bado nawaza tulivyozunguka mtaani, wewe na kamera shingoni, mimi na mtoto mgongoni, na wazee wetu wakikutazama kama mtu wa kodi. Unamkumbuka Mzee Gencho pale kwenye benchi? "Nenda kapige punda!" Nikamwambia, "Mzee Gencho, huyu ni mama wa ubatizo wa Bilyana wangu, si mtu wa kupita." Ndipo akavua kofia, akalaza zile nywele chache kwa mate, akakaa kama jenerali. Wote walikaa hivyo, mmoja mmoja, kwa sababu nilisema, huyu ni wa kwetu. Nilijisikia mtu wa maana, sikufichi.

Lakini Bibi Vida ndiye aliyenigusa moyo. Unajua mwenyewe, bila yeye nisingeweza kufanya kazi. Jirani tu, si ndugu, na kila asubuhi namwachia mtoto na hataki chochote, anasema kelele za Bilyana zinamtia joto nyumbani. Hukuona alivyokufungulia lile sanduku? Gauni, soksi, mshumaa, taulo la kasisi, vyote tayari kwa siku yake. Kilichokosekana ni picha ya kuweka kwenye karatasi ya msiba. "Ninayo ya kitambulisho tu, na pale naonekana kama nimekamatwa na mbuzi wa watu." Akafunga kitambaa cheupe, akakaa mbele ya mlango, akakuambia: "Binti, hii ni ya siku yangu. Watu wataisoma getini na kwenye nguzo, waseme, ehe, alikuwa mwanamke yule. Kabla ya hapo asiione mtu." Nawe ukaweka mkono kwenye kichwa cha Bilyana ukasema, "Bibi, nakuapia kwa huyu."

Basi usichelewe kuituma. Ameshaniuliza.

Wako,
Velichka

Sofia, 3 Julai 2000

Veli wee,

Mwandiko wako bado umelala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta, na bado naupenda. Mbusu mpiga picha mwenzangu. Mwambie paka ni wagumu, aanze na kuku.

Filamu nimezisafisha. Nikuambie kweli? Sikufurahi. Mwalimu wangu kazitazama, akasema: "Hawa wote wanajua wanatazamwa." Na ni kweli. Gencho ni jenerali, Vida ni malkia, kila mtu amevaa uso wa kwenda kanisani. Mimi nilitaka ule mwingine, ule mtu anaokuwa nao akidhani yuko peke yake.

Nina wazo la kuwarudisha nyumbani, picha zao zikae mtaani palepale zilipopigwa. Bado nalipika. Hebu nikumbushe mambo ya kwetu, maana nimekaa mjini mpaka nimesahau: siku hizi watu wanasimama wapi zaidi? Nguzo ya duka la mkate, au ya posta? Na karatasi za msiba bado zinabandikwa na yule kilema wa kanisani, au kila familia inabandika yenyewe? Siku gani mtaa unajaa?

Ya Bibi Vida itakuja, kwenye fremu. Mwambie avute subira.

Snezhana

Dryanovo, 19 Julai 2000

Mpendwa Snezhana,

Nilipomsomea Bibi Vida neno "malkia" alinipiga na kitambaa cha vyombo. Lakini jioni nilimwona kwenye dirisha anajitazama.

Eti unawarudisha wazee mtaani! Nimeshaona kichwani mwangu: ukumbi wa jumba la utamaduni, picha ukutani, nasi tumeoka banitsa za jibini na kumwaga sharubati, Mzee Gencho anasimama chini ya uso wake hataki kutoka. Nitakusaidia, niambie tu.

Uliyouliza: watu wanasimama nguzo ya duka la mkate. Ijumaa asubuhi, gari la mkate likishafika, huwezi kupita. Karatasi siku hizi kila familia inabandika yenyewe. Na kusoma wanasoma, jamani, hata mvua ikinyesha. Kuna mambo mengi mtu atakudanganya kwa uso, lakini pale kwenye karatasi ya msiba hajui hata mdomo wake uko wazi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasoma kwanza ndipo anunue mkate, na nikimtazama usoni nilijua kama ni mtu aliyempenda au la. Sijui kwa nini nakuandikia haya, umenichokoza tu.

Bibi Vida anamvizia mtu wa posta kila siku. Fremu iwe ya kahawia, kama inawezekana.

Wako,
Velichka

Dryanovo, 16 Septemba 2000

Snezhana,

Naandika haraka, nisamehe.

Jana nilikuwa kwenye cherehani yangu nashona kola. Akaingia Tsonka, yule wa kukata vitambaa, amechelewa kwa sababu alipitia mkate. Kanisogelea kwa sauti ya chini. "Veli, pole mwenzangu. Hata sikujua kama Bibi Vida alikuwa anaumwa."

"Anaumwa nini? Si nimemwachia mtoto asubuhi hii."

Akaweka mkate wake mezani. Halafu akasema, "Basi mtoto yuko na nani?"

Sijui nilitokaje. Nilikimbia na mkasi unaning'inia shingoni. Mtaani watu wanachoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi, moshi kila uani, na kwenye kila nguzo, Snezhana, kila nguzo mzee wetu mmoja. Picha yake, mstari mweusi kuzunguka, jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na baada ya kistari pako wazi. Gencho. Bibi Rusana. Wote wale tuliowatembelea. Nikasema, wamekufa wote kwa pamoja, gesi imelipuka, basi limepinduka, na mwanangu yumo humo humo. Nilipofika getini kwa Bibi Vida, yuko pale kwenye karatasi, na kitambaa chake cheupe. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia kama mtoto mdogo. Karatasi nimeichana, vipande vingine vimebaki kwenye misumari.

Ndipo nikasikia Bilyana anaimba. Wanatokea kona, Bibi Vida amemshika mkono, mkate kwapani. Nilimnyakua mtoto nikakimbia naye kwangu, nikamkagua mwili mzima kama kuku wa sokoni. Sikumsalimu bibi. Sikumtazama hata usoni. Baadaye nikajua alikuwa ameshaisoma ya kwake, nguzo ya duka la mkate, mbele ya watu wote.

Nilipokwenda kwake, Mzee Gencho anabisha mlangoni. Maua mawili mkononi, hesabu ya kupelekea wafu, kofia kifuani, machozi yanamtiririka. Mlango ukafunguliwa na Bibi Vida mwenyewe. Mzee akajifanyia ishara ya msalaba mpaka mkono ukachoka.

"Vida, Mungu akulaze pema..."

"Nimesimama, Gencho."

"Naona."

"Na wewe pia umekufa. Nenda kajisome nguzo ya posta."

Tulimpa maji akanywa. Mimi nilianza kucheka, unajua kicheko kile kisicho na furaha. Mzee akafuta uso, akakohoa, akasema: "Basi, maadamu uko hai, ile ngazi yangu aliyoazima marehemu mumeo, bado ipo?"

Bibi Vida hakucheka.

Sasa niambie, ni nani amefanya hivi? Picha ni zako, hilo najua. Umeibiwa? Kuna mtu kakuchezea? Bilyana, masikini, amekukumbuka mpaka anakuona kwenye vioo. Anasema, "Shangazi Snezha yuko duka la keki, dirishani, ananipiga tik." Nikamwambia shangazi yuko mbali, Sofia.

Jibu haraka.

Velichka

Sofia, 27 Septemba 2000

Veli wangu,

Nimesoma barua yako nimelia. Nilikuwa kitandani na homa wiki nzima. Nilitengeneza karatasi za kutangaza maonyesho, nikawatuma vijana wawili wa kiwanda cha uchapishaji wazibandike kwenye ubao wa jumba la utamaduni, na ubao huo tu. Mstari mweusi walijitilia wenyewe, eti unapendeza. Hawajui mambo ya mji mdogo. Nimewafokea mpaka sauti imekauka.

Niombee radhi kwa kila mzee. Mwambie Bibi Vida nitakuja mwenyewe kupiga magoti.

Lakini nieleze vizuri, maana sikuwepo na moyo hautulii: alisema nini hasa alipoisoma? Na wengine, nani alilia, nani alipita tu? Usiache kitu.

Snezhana wako

Dryanovo, 15 Oktoba 2000

Mpendwa Snezhana,

Nimepita nyumba kwa nyumba. Mzee Gencho amekusamehe zamani; anajigamba yeye ndiye marehemu pekee wa Dryanovo anayekunywa rakia. Bibi Rusana kanifungia mlango, kisha akanifungulia, akanipa mtungi wa jamu, akanifungia tena. Vijana wa dukani hawana adabu. Bibi Vida akienda kununua mkate wanamwuliza, "Bibi, huko juu wanauza bei gani?" Siku hizi haendi tena.

Kwake ndiko nilikoshindwa. Nilimwambia ni makosa ya vijana wa uchapishaji. Akasema, "Mtoto alimwona."

"Bibi, Bilyana ana miaka mitatu. Juzi aliona tembo kwenye supu."

"Tembo sijui. Huyu alimwona. Alimpungia mkono."

Nikakasirika, Snezhana. Kwa ajili yako. Nilikwenda mbele ya sanamu takatifu ya Bikira pale kwake, nikaweka mkono, nikaapa kwamba hukuwepo, kwamba wewe si mtu wa namna hiyo, umemshika mwanangu kwenye maji ya ubatizo. Halafu akasema polepole, kama anayemweleza mtu asiyesikia vizuri: "Veli, mtu hujua siku yake itakuwaje baada ya kufa, na hapo hajui tena. Mimi nimeonyeshwa kabla. Nilikaa mpaka jioni nangoja. Alikuja Gencho, naye alitaka ngazi yake. Na wewe ulikuja kumchukua mtoto wako."

Nikaondoa mkono kwenye sanamu.

"Na hiyo picha," akasema, "usiniletee. Imeshakufa. Siwezi kufa nayo mara ya pili."

Kesho yake nilikuta mfuko umetundikwa kwenye geti langu. Ndani ni kikombe cha Bilyana, ndara zake, na yule sungura wa kitambaa. Tangu siku hiyo mtoto nakwenda naye kiwandani, anakaa chini ya meza kwenye mabaki ya vitambaa. Msimamizi ameniambia huu si uwanja wa watoto, nitafute pengine, na pengine sina. Lakini si hilo linaloniuma. Jioni Bilyana anashika zile mbao za uzio anaita, "Bibiii!", na kwenye dirisha pazia linasogea kidogo, basi.

Njoo umwambie mwenyewe. Akikuona atakuamini, nina hakika. Uso wako hauwezi kudanganya.

Velichka

Sofia, 20 Novemba 2000

Veli,

Afadhali uone kwangu kuliko gazetini. Kwenye bahasha kuna picha. Keti kwanza.

Nilikuwepo. Hakuna vijana wa uchapishaji. Mstari mweusi niliuchora mimi, na nilibandika mwenyewe, wewe umeshaingia kiwandani, kabla hakujapambazuka. Nilikaa duka la keki karibu asubuhi nzima, kwenye meza ya dirishani. Bilyana ana macho makali.

Nisikilize kabla hujachana. Nilitaka sura za watu wasiojua wanatazamwa. Hakuna karatasi yoyote ambayo watu wetu wanaisoma na uso uliovuliwa kila kitu kama ile. Wewe ndiye uliyeniandikia hivyo, na vizuri kuliko mwalimu wangu yeyote. Zile picha za kwanza zilikuwa chambo tu. Picha zenyewe ni hizi: wazee mbele ya nguzo, wanasoma kwamba mwenzao ameondoka.

Kwamba Bibi Vida angesoma ya kwake mwenyewe, hilo sikulipanga. Nilidhani hatoki asubuhi. Hakupiga kelele, Veli. Alilamba kidole akajaribu kuufuta ule mstari mweusi. Alirudia. Mtu hapati picha kama ile mara mbili maishani. Iko ukuta wa kwanza, ukiingia tu.

Na wewe umo. Nilikufuata mpaka getini, nilikuwa nyuma ya mti wa jozi. Ulipokaa chini nilitaka kutoka. Kwenye filamu zilikuwa zimebaki chache, nikasema nimalize hizi ndipo niende. Halafu wakatokea kona, wakati ukawa umenipita.

Najua utakasirika. Kisha utaelewa, kwa sababu moyo wako ni mpana kuliko wangu. Tunafungua tarehe sita Desemba. Njoo na mtoto, watu watataka kukuona. Wote wanauliza huyu mwanamke mwenye mkasi shingoni ni nani.

Mama wa ubatizo wa Bilyana,
Snezhana

Dryanovo, 10 Desemba 2000

Snezhana,

Sikuja. Tsonka kaniletea gazeti lakini sikulifungua, nimewashia jiko.

Nimezitazama picha zako mara moja tu, nimesimama, koti bado mwilini. Ile yangu ndiyo iliyonichukua muda. Nilikuwa najaribu kupima kutoka mti wa jozi mpaka getini. Ungeweza kuniita bila kupaza sauti. Ungeweza kukohoa tu. Nilikuwa nadhani mwanangu amekufa, na wewe, uliyemshika kwenye maji, ulikuwa unahesabu kilichobaki kwenye filamu.

Na mimi ndiye niliyekufungulia milango yote. "Huyu ni wa kwetu." Walikaa kwa sababu ya mdomo wangu. Na siku ya mkate, na nguzo, na uso wa mama yangu, vyote nilikupa kwa mkono wangu mwenyewe, nikafurahi kwamba umeniuliza. Sikuwahi kuulizwa kitu na mtu aliyesoma. Hilo ndilo linanirudia nikiwa nashona: nilivyofurahi.

Nilichukua bahasha nikaenda kwa Bibi Vida. Theluji mpaka magotini. Hakufungua. Nikasema na mlango. "Bibi, mtoto alisema kweli. Niliapa uongo mbele ya Bikira wako. Sikujua, lakini ni uongo. Sikuja kuomba unilelee mtoto, nimekuja kusema hilo tu." Nikageuka niende, kumbe Bilyana ameshapenya pale chini anapopita mbwa, yuko uani, anagonga mlango kwa teke. "Bibi, fungua, miguu yangu ina theluji!"

Kwa mtoto alifungua. Mimi nilisimama nje mpaka sauti ikatoka ndani: "Na wewe unangoja nini hapo, mwaliko?"

Aliomba kuona. Nikasema, bibi, tuzitie jikoni tu. "Nimeshajiona nimekufa," akasema, "haya mengine yatanifanya nini." Akavaa miwani. Ile yake, ya kidole, aliitazama sana, akaguna. "Nilidhani wino haujakauka." Halafu: "Mshenzi huyu. Lakini ana jicho." Akaitupa motoni. Akatupa ya Rusana, akatupa ya mtu wa posta. Alipofika kwenye yangu mkono ukasimama.

"Huyu ni nani kwenye vumbi?"

"Ni mimi, bibi."

"Hapa ni getini kwangu."

"Ndiyo."

"Hii ilikuwa kabla sijatokea kona?"

"Kabla."

Akaisogeza dirishani kwenye mwanga. "Ulikuwa unamlilia mtoto au mimi?"

Nilitaka kusema wewe, bibi. Lakini nimeshachoka na uongo, hata ule mtamu. Nikasema, "Nilianza na mtoto. Nilipoona kitambaa chako cheupe, nikalia kwa wote wawili."

Akaifuta ile picha na aproni, akafungua lile sanduku lake, akailaza juu ya gauni. "Hii naiweka," akasema. "Kumbe walionililia walikuwa wawili, na mmoja hakutaka ngazi."

Basi ndivyo ilivyo, Snezhana. Kitu ulichoniibia nyuma ya mti ndicho kilichonirudishia Bibi Vida. Usidhani ninakushukuru. Nikiwaza hivyo nakasirika zaidi, kwa sababu ulikuwa na kitu cha kweli mkononi ukaona cha kufanya nacho ni kukitundika kwa watu wa Sofia. Ile ya Bibi ukutani kwako, iondoe. Siandiki tafadhali. Aliomba jambo moja tu maishani mwake, asionwe kabla ya siku yake, nawe uliapa kwa kichwa cha mwanangu. Mzee Gencho anasema mpwa wake anakuja huko Alhamisi. Atapita kuangalia kama bado ipo, naye ana mikono mirefu.

Kikombe cha Bilyana kimerudi kwake. Ndara pia. Kiwandani msimamizi amepata amani.

Na jana, nikuambie hili halafu nimalize. Mtoto alichukua tena kasha la kibiriti. Mimi nilitaka kumnyang'anya, mchezo ule sikuweza tena kuutazama. Lakini akamwelekea Bibi Vida: "Bibi, tulia hivyo hivyo. Usicheke." Na bibi, Snezhana, akanyoosha mgongo. Akalaza nywele chini ya kitambaa, akatazama lile tundu la kasha kama ni jambo la kweli, akatulia. "Tik!" Ikapita. Ndipo akaniuliza, "Shemeji yako, ndugu yake Kamen, si alinunua kamera, ile ya plastiki?"

"Bibi, mimi sijui kupiga. Nitakukata kichwa."

"Kata masikio ukitaka. Uso niachie."

Kitambaa cheupe hakitaki tena, anasema hicho ni cha yule aliyekufa Septemba. Ametoa chekundu kilichoiva, cha harusi yake. Leo asubuhi mbingu zimetakata, theluji inang'aa, na nimeiazima kamera, iko hapa mezani karibu na barua. Nimejifunza kuzungusha filamu. Kidole changu kikubwa nimekifunga uzi kisije kikaingia mbele ya kioo.

Umeniuliza, au hukuniuliza ila najua unangoja, kama nimekusamehe. Siwezi kukutoa kwenye ubatizo wa mwanangu, umo humo mpaka mwisho, na atakapokua atakuuliza mwenyewe. Lakini mimi, kwa upande wangu, nimefikiri sana na jibu langu ni

ngoja, Bibi Vida huyo ananiita kwenye uzio. "Veli! Weka kalamu chini, jua linahamia kwa Gencho, na mimi nimeshavua koti, unataka nife kweli?" Nakuja, bibi, nakuja. Jibu langu ni kwamba